Mageti ya Baba Fiona

Mwaka umetimia leo, Baba Fiona, tangu utoke hapa nyumbani Missouri City na baiskeli yako, Jumamosi ile ya tarehe 18 Agosti 2018, ukaniahidi kwamba kufikia saa tatu asubuhi utakuwa umerudi.

Katibu wa chama chetu anataka tangazo hili la kumbukumbu kabla ya misa ya saa sita. Watoto wamenipa mimi kazi ya kuandika kwa sababu wanasema mimi ndiye niliyegombana nawe zaidi. Utanisamehe nikirukaruka. Simu iko hapa kando ya sahani, nimeipandisha sauti mpaka mwisho, na mwanao Fiona yuko Uingereza juu ya baiskeli yako.

Acha kwanza nikutaje ulivyokuwa. Elphas Onyancha, muuguzi wa wagonjwa wa figo kwa miaka kumi na minne. Ulikuwa unawaita wagonjwa wako kwa majina yao yote mawili, na kuna bibi mmoja ambaye hadi leo ananiletea njugu kwa mfuko, anasema ni zako. Ulipiga mluzi ukioga. Ulifuta mnyororo wa baiskeli kwa taulo zangu za jikoni, kisha ukazirudisha kabatini zimekunjwa vizuri, kana kwamba mimi sina macho.

Na baiskeli zilizotupwa! Hukuweza kupita moja kando ya pipa la taka. Gereji yetu ilijaa magurudumu mpaka gari likalala nje. Ukishapata tano au sita nzima, unazipakia na kuendesha gari kwa saa nne hadi Dallas, Vickery Meadow, kwa Warundi wanaofanya kazi hotelini na kwenye maghala, watu ambao basi la kwanza la asubuhi linawachelewesha kazini. Gelasius, rafiki yako wa huko, alinipigia wiki jana. Alisema bado kuna baiskeli yako inayomfikisha mtu kazini kila siku. Nililia, kisha nikamuuliza tena kama breki za ile ya Fiona ziko sawa. Ilikuwa mara ya nne kumuuliza.

Wasomaji wanaokujua wanaijua ile ramani. Kwa wasioijua: kwenye ukuta wetu wa chumba cha kulia kuna ramani ya mashamba ya kusini mwa Uingereza, na juu yake mstari mwekundu wa kalamu. Unaanzia kwenye kilima kimoja cha Wiltshire, unafuata vijia vya kokoto na chokaa, siku mbili, hadi mlangoni kwa dada yako Pelagia kule Reading. Miaka kumi na moja hamkuwa mmeonana. Mtu mwingine angepanda ndege na kuchukua teksi. Wewe ulitaka kumfikia dada yako umejaa matope.

Nilikucheka. Nilikuuliza, "Kweli Mkisii aliyekulia kwenye matope alipe nauli kufuata matope ya Mwingereza?"

Ukanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mama Fiona, matope ya kwetu niliyapita kwa sababu nilikuwa naenda shule. Haya nitayapita kwa sababu nimetaka."

Ulisoma kila kitu kuhusu njia zile. Ulituambia mezani kwamba huko njia ya baiskeli inakatiza katikati ya shamba la mtu, na sheria ni moja: fungua geti, pita, lifunge nyuma yako, la sivyo kondoo wa watu watatawanyika. Ulihesabu mageti ya njia yako yakawa tisa. Basi ukaanza kufanya mazoezi huku, kwenye barabara za kokoto nje ya mji, kwenye mashamba ya ng'ombe ambayo wenyewe walikuruhusu kupita. Kila geti ukilifunga, unalipiga picha na kunitumia. "Ukiona, jibu tu 'nimeona'," ulisema, "nijue kuna mtu upande ule mwingine."

Nilijibu labda wiki ya kwanza. Baadaye nikanyamazisha ujumbe wako. Niko zamu, nina wagonjwa wanane, na simu inalia kwa sababu mume wangu amefunga geti la ng'ombe. Hili sijamwambia mtu mpaka leo.

Siku ile nilipumzika saa tano. Nikafungua simu, nikaona mageti, nikasema, "Huyu na mageti yake," nikaifunga, nikaenda kutafuta kahawa. Yalikuwa sita. Njia yako ya Jumamosi ilikuwa na saba. Sikuhesabu. Kati ya la sita na la saba kuna lami ya maili moja na nusu, na dereva wa pickup alisema jua lilimpiga machoni. Alikuja kwenye misa ya kukuaga hapa jirani, Stafford, akasimama nyuma analia. Nikampelekea chai.

Daktari amenieleza kwamba hata ningehesabu, lisingebadilika lolote. Mimi ni muuguzi, najua anasema kweli. Lakini nimeishi mwaka mzima na yale mageti sita.

Sasa mwanao. Alipomaliza chuo mwezi wa tano alisimama mbele ya ramani akasema, "Mum, nitaenda kumalizia route ya Dad." Nikasema hapana. Nikasema hapana mwezi wote wa sita na wa saba. Nikamwambia baiskeli ile imegongwa. Akaipeleka Dallas bila kuniaga, Gelasius akaikagua spoki kwa spoki, akabadilisha gurudumu la mbele, akanipigia: "Mama, chuma ni kizima. Ingekuwa mbovu nisingempa mtoto wa Elphas." Siku ya uwanja wa ndege nilimfungia mwenyewe mkanda wa helmeti ili kujaribu kama unakaza, hapo hapo mbele za watu, na yeye ana miaka ishirini na miwili.

Jana alipita mageti manne. Alilala salama. Leo saa moja na robo alituma la tano, limefungwa, na nyuma yake kondoo wanatazama kamera. Nikajibu, "Nimeona."

Tangu hapo, kimya.

Naandika saa tatu kasoro dakika tano. Kule ni karibu saa tisa mchana. Kutoka la tano hadi la sita, kwa kalamu yako mwenyewe, uliandika "dakika 40". Pelagia amenipigia mara mbili, amepika ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, na anazungumza kwa ile sauti ya juu anayotumia akiogopa. Sheldon, kaka yake Fiona, anazunguka jikoni. "Mum, relax," ananiambia, "ni network tu. She's in the middle of nowhere." Lakini naye nimemwona akiangalia simu yake chini ya meza. Tena anasoma juu ya bega langu na kusema tangazo la kumbukumbu haliandikwi hivi. Huenda ni kweli. Mimi sijui kuandika lingine leo.

Nimesimama mbele ya ramani yako. Kati ya la tano na la sita kidole changu kimeshapita mara mia. Naona msitu mdogo, naona mteremko. Sioni barabara ya lami hata moja, na hapo ndipo nimeelewa kwa nini uliichagua njia hii. Nakuomba, Elphas. Sijui kama walioko huko huombwa namna hii, lakini nakuomba.

Saa tatu na dakika ishirini. Yamefika kwa pamoja, la sita, la saba na la nane. Fiona ameandika, "Sorry Mum, pancha. Na network ilikuwa zero. Niko sawa, nimechafuka vibaya." Sheldon ameketi sakafuni. Mimi nimejibu kila moja. Nimeona. Nimeona. Nimeona.

Na la tisa limekuja sasa hivi. Hilo hukulichora vizuri, ulikuwa umeweka nukta tu. Ni kigeti kifupi cha mbao mbele ya nyumba ya Pelagia. Kimefungwa. Fiona yuko upande wa ndani, matope mpaka kwenye nyusi, na dada yako amemkumbatia hivyo hivyo, nguo ya kanisani na yote. Fiona anasema amemsikia shangazi yake akiita jina lako.

Baada ya hapo nimefungua ujumbe wako wa zamani, nikashuka hadi mwisho. Geti la sita, saa mbili na dakika kumi asubuhi, limefungwa kwa mnyororo kama ulivyozoea. Chini yake uliniuliza, "Mama Fiona, umeona?"

Nimekuandikia jibu. Limebaki na tiki moja ya kijivu, na najua litabaki hivyo.

Nimeona, Baba Fiona.

Unakumbukwa na mimi mkeo Jerioth, wanao Fiona na Sheldon, dada yako Pelagia wa Reading, ndugu zako wote wa Kisii, Gelasius na jamaa wa Vickery Meadow, na wagonjwa uliowaita kwa majina yao yote mawili. Siku zote tutakazopewa, tutakukumbuka.