Bia ya Marehemu Niliyoimwaga Kwenye Sinki

Mpendwa Shangazi Jerioth, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana mimi ni baba mzima, Mkikuyu, dereva wa basi hapa Stockholm, naishi Spånga na mke wangu, na nimeivuruga posa ya binti yetu wa pekee kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna mtu mwingine wa kulaumu.

Binti yetu Lorraine amependana na Bruce, kijana Mrundi wa mtaa wa Bredäng, mpole, ana heshima, sina neno naye. Mwezi wa tano wakaja kuposa. Babake, Mzee Révérien, ni mjane, aliishi Ubelgiji miaka mingi kabla ya kuja huku, na aliingia kwangu amekumbatia chupa kubwa ya kijani yenye kizibo kilichofungwa kwa waya, vumbi bado liko shingoni. Tulipokaa akainuka, akasema kwao Burundi mwenye pombe huonja yeye kwanza ndipo agawe, kuonyesha ni safi, lakini kwa kuwa yuko nyumbani kwangu atanipa mimi heshima hiyo, akanimiminia glasi ya kwanza, akasema ila kabla sijaonja ana maneno mawili kuhusu hii chupa. Nami kwa kiherehere changu nikamkata, nikamwambia, "Mzee mwenzangu, kwetu tunaonja kwanza, maneno baadaye," watu wakacheka, nikajiona bingwa.

Sasa unielewe, Shangazi, babangu alikuwa akitengeneza muratina, ile pombe yetu ya asali, na tangu nikiwa mdogo alinifundisha kuionja, akiniambia ikichacha haipelekwi kwa watu, sembuse kwenye posa. Basi nikapiga funda moja. Ala! Uchachu ulinikamata nyuma ya taya mpaka jicho moja likajifunga lenyewe, halafu ikaja ladha ya tunda lililotulia, halafu uchungu kidogo kama wa kokwa, na nyuma yake harufu ya mbao kuukuu. Niliimeza, lakini moyoni nikasema kumbe hawa wananijaribu, wanataka kujua kama huyu mzee anajua kuonja au anakunywa chochote anachopewa, kwa hiyo nikasimama nikatangaza mbele ya wote, "Wakwe, hii imechacha, na binti yangu haposwi kwa pombe iliyochacha," nikaichukua chupa, nikaenda nayo jikoni, nikaimwaga yote kwenye sinki pamoja na iliyobaki kwenye glasi, nikarudi na soda huku natabasamu nikingoja wanipigie makofi.

Hakuna aliyepiga. Mzee Révérien akasema kwa sauti ya chini, "Haina shida. Naomba munipatie chupa." Akapewa ikiwa tupu, akaiviringisha kwenye skafu yake, wakaondoka chakula hakijaguswa.

Ni Bruce aliyemweleza Lorraine, na Lorraine akanieleza mimi huku analia. Kumbe ile ni bia ya cheri ya Ubelgiji, wanaiita kriek, inakaa kwenye mapipa ya mbao pamoja na cheri nzima na kokwa zake, uchachu ndio utamu wake, na nzuri huwekwa miaka kama divai. Aliyeinunua ni mamake Bruce, marehemu Diane, kabla hawajahamia huku, akasema itafunguliwa siku mwanawe atakapoposa. Ilikuwa hiyo moja tu. Jameni, Shangazi! Nilikaa kwenye kochi nikalia, mke wangu akaniangalia tu.

Tangu siku hiyo posa imesimama. Bruce anasema babake hajakataa, ila hasemi lolote. Lorraine akipiga simu anaongea na mamake, mimi ananijibu kwa Kiswidi, vile anavyowajibu watu wa ofisini. Nami nimekuwa nikizinunua hizo bia za cheri kule Systembolaget, duka la pombe la serikali, nazinywa polepole, funda dogo dogo, naacha uchachu upite ndipo cheri ijitokeze, nangoja ile kokwa mwishoni, na sasa nazipenda kweli, hiyo ndiyo adhabu yangu, maana hakuna hata moja inayoifikia ile. Hizi zote ni changa, cheri zake bado zinapiga kelele. Nimemnunulia mzee kreti nzima, iko kwenye gari, nimefika mpaka karibu na nyumba yake zaidi ya mara moja nikageuza. Niipeleke, ama nimtume mke wangu? Nimejuta mpaka nimechoka.

Baba Lorraine, Spånga

Baba Lorraine, pole. Naitoa hiyo pole mapema kwa sababu yanayofuata si matamu.

Ulimi wako hauna kosa. Kosa ni kumkata mgeni aliyesimama sebuleni kwako akasema ana maneno mawili. Mawili tu, baba! Ungepungukiwa na nini? Halafu ukatangaza. Hata kama bia ingekuwa mbovu kweli, mtu mzima angeshukuru, akaiweka glasi mezani, akaomba maji. Wewe ulitaka makofi, na binti yako ndiye anayelipia hayo makofi.

Sasa hiyo kreti. Kreti ya nini? Mtu amepoteza kitu cha mwisho alichoachiwa na mkewe, unataka kumfidia kwa kreti? Itoe kwenye gari, mkanywe na mkeo. Na mkeo usimtume popote, si yeye aliyemwaga. Lorraine naye mwache kwanza, atakurudia akiona umefanya jambo, si akisikia umejuta.

Nimeisoma barua yako tena, na kuna jambo umelipita wewe mwenyewe. Mzee Révérien hakuonja. Aliiacha desturi ya kwao ili akuheshimu, akakupa glasi ya kwanza. Bruce hakuonja. Diane, Mungu amrehemu, hakuifikia siku hiyo. Nyingine yote ilikwenda na maji ya sinki. Kwa hiyo duniani kote aliyebaki anayejua bia ya Diane ilikuwaje ni mmoja, naye anafika Bredäng na kugeuza gari.

Basi Jumapili hii ukitoka kanisani, nenda. Mikono mitupu. Akikufungulia mlango, omba msamaha kwa sentensi moja, na habari za muratina ya babako ziache Spånga. Posa usiitaje, tarehe si yako kuiuliza. Mwombe akuambie yale maneno mawili uliyomzuia kuyasema, na safari hii ufunge mdomo, uyasikilize mpaka yaishe, hata yakiwa mia mbili, hata akilia.

Akishamaliza, mpe ulichonacho. Mwambie kama ulivyoniandikia mimi: uchachu ulivyokukamata taya, tunda lilivyotulia, kokwa, mbao. Taratibu, usiongeze sukari, usiruke kitu. Alikuwa na haki ya kuionja na wewe ndiwe uliyemnyima, basi ionje tena mbele yake kwa maneno. Na ile kauli uliyoitoa mbele ya watu, ifute kwa mdomo uleule. Mwambie haikuwa imechacha. Mwambie ilikuwa imeiva.