Wasifu Arobaini kwa Programu ya Bluu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa kazi — mimi! Mkurugenzi amesimama mbele ya meza yangu, akasema ofisi ya kuwatafutia watu ajira haiwezi kuendelea kuwaanika kwenye kamba kama nguo mbichi. Anataka programu ya kompyuta ya kufuatilia waombaji. Nichague mimi. Nimpe jibu Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Siku ileile miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha. Nimeitikia "Ndiyo, mama" kwa sauti ya mbuzi.

Kamba ni kweli zipo. Tano, kutoka dirishani hadi kabatini, na wasifu wa kila mtu unaning'inia kwa kibanio cha nguo. Njano: aitwe. Kijani: ameajiriwa. Nyekundu: tumeshindwana. Cheusi: anafaa, ila asipelekwe kwa mteja fulani, na jina la mteja huandikwa kwenye kibanio chenyewe. Haya yote ni ya karani mkuu. Tunamwita Mama Vibanio. Miaka kumi na tisa yuko hapa.

Nilidhani atanuna. Amecheka mpaka miwani ikashuka. Kasema siku kompyuta itakapojua kwamba yule dereva mrefu aliposa kwa mwenye hoteli akafukuzwa na ndoo ya maji, yeye atastaafu asubuhi yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimetazama programu kumi na moja. Zimebaki mbili. Nimeziita kwa rangi zake: ya bluu na ya kijivu.

Ya bluu imeletwa na muuzaji mwenye viatu vinavyong'aa hivi kwamba nimeuona uso wangu humo. Ulikuwa na hofu. Kwangu huyu ni Bwana Viatu. Unaitia wasifu mia, inazisoma, inazipanga, inawajibu watu yenyewe. "Wewe kazi yako chai tu, dada yangu!" Nimeandika yote.

Ya kijivu haina muuzaji. Ina mwongozo wa kurasa themanini. Nimeusoma wote. Ni ya polepole, na kila ukibonyeza kitu inauliza: Una uhakika? Nimemsimulia dada nyumbani. Kasema basi nimepata pacha — mimi hurudi mara tatu kutoka barabarani kuuliza kama jiko limezimwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nina wazo! Mama Vibanio kasema muuza vitunguu haulizwi kama vitunguu vinatoa machozi, vikate mwenyewe. Basi nitavikata. Nimechukua wasifu arobaini zenye kibanio cha kijani, watu walio kazini tayari na tunaojua ni wazuri. Nitazitia kwenye programu zote mbili kana kwamba wanaomba leo. Programu yenye akili itawatambua.

Nimezihakiki mara mbili. Mpishi wa hospitali, walinzi, mhudumu wa mapokezi, hata fundi cherehani mmoja wa zamani sana, karatasi imegeuka rangi ya chai. Jina lake silijui. Kijani ni kijani, nimemtia.

Jumatatu, 10 Machi
Ya bluu: sekunde kumi na moja! Imekubali watu kumi na mmoja, imekataa ishirini na tisa. Imemkataa mpishi! Yule ambaye hospitali hutuandikia kila mwaka tusithubutu kumhamisha. Kosa lake? Wasifu wake umeandikwa kwa mkono. "Taarifa pungufu."

Mtihani wangu umefanya kazi. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Dada kashika paji la uso wangu kuona kama nina homa.

Jumanne, 11 Machi
Ole wangu.

Saa mbili asubuhi mpishi kasimama mlangoni, aproni mkononi. Ameifua. Ameipiga pasi. Kaja kuirudisha. Kanionyesha simu yake: "Tunasikitika kukujulisha kwamba huna sifa zinazohitajika. Tunakutakia kila la heri kwingineko." Chini yake, jina la ofisi yetu.

Inawajibu watu yenyewe. Niliandika kwa mkono wangu! Sikufikiri kwamba hata katika majaribio —

Nimeanza kupiga simu, mmoja mmoja, nikiomba radhi. Mlinzi mmoja alikuwa ameshawaaga wenzake na kumrithisha mmoja wao tochi. Mhudumu wa mapokezi kasema alilia kidogo, kisha akalala usingizi mtamu ambao hajaupata mwaka mzima — je, anaweza kubaki amefukuzwa mpaka Alhamisi? Mpishi alinisubiri kwenye benchi muda wote.
— Kwa hiyo, mwanangu, sifa ninazo au sina?
— Unazo, baba.
— Ziandike.
Nimeziandika, nimepiga na muhuri. Kaisoma karatasi mara mbili, kaikunjia ndani ya aproni, kaenda kupika.

Nimemfikia wa ishirini na tisa, fundi cherehani. Nimebonyeza namba. Imeita. Imeita humu humu, nyuma ya mlango wa kioo wa Mkurugenzi.

Nimekata.

Jumatano, 12 Machi
Ni yeye. Mama Vibanio kanieleza huku akijipepea kwa faili: Mkurugenzi alikuja hapa zamani kutafuta kazi ya kushona, kwa jina la ujana wake. Kazi ya kushona haikuwapo, akawekwa kwenye simu ya ofisi. Mengine ni historia ya huo mlango wa kioo. Wasifu wake haukuwahi kutolewa kambani mpaka nilipouchukua mimi. "Ni wa kwanza niliombania kijani," kasema.

Kumbe meseji ameiona. Anadhani ni watu wa Bwana Viatu waliokuwa wakijionyesha, amemwita Ijumaa aje ajieleze. Ushauri wa Mama Vibanio: nyamaza, mbwa ni wake, ameuma, na ajibu yeye. Ushauri wa dada: mficha maradhi kifo humuumbua — tena wewe hata zawadi yangu ya kuzaliwa hujawahi kuificha siku mbili.

Nimeijaribu ya kijivu, safari hii kwa namba za simu za kubuni. Siku nzima! Imeuliza Una uhakika mara arobaini. Zilizoandikwa kwa mkono imezitenga na kuandika: Hizi zisome mwenyewe. Na kuna nafasi ya maelezo ambamo kibanio cheusi kinaingia chote, pamoja na ile ndoo ya maji.

Alhamisi, 13 Machi
Barua. Rasimu tisa, mistari sita. Napendekeza ya kijivu, kwa sababu hizi. Na mstari wa mwisho: "Aliyezituma zile meseji ni mimi, si wao." Nimeufuta mara tatu. Nimeurudisha mara tatu.

Ijumaa, 14 Machi
Saa moja na nusu asubuhi nimeibania barua kwenye kamba inayopita mbele ya mlango wa Mkurugenzi. Kibanio cha njano. Mama Vibanio kaniona, katikisa kichwa, kanipa nusu ya andazi lake.

Saa tatu Mkurugenzi kapita. Kasoma akiwa amesimama. Mabega yake yametikisika — kicheko au hasira, kwa nyuma sikuweza kujua. Bwana Viatu kafika, wameingia ndani. Kupitia kioo nimemsikia Mkurugenzi akimsomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio meseji aliyotumiwa: "Huna sifa zinazohitajika!" Bwana Viatu kasema programu haikosei. Halafu kicheko kimoja kikubwa. Si cha Bwana Viatu.

Kisha Mkurugenzi katoka, kafungua kabati, katoa wasifu wangu. Kautundika kambani, pembeni ya ule wa fundi cherehani. Karudi ndani bila kunitazama.

Vibanio viwili! Kijani, na cheusi. Mama Vibanio kasimama chini yake mdomo wazi. Anasema tangu aanze hajaona mtu wa majaribio akibaniwa vyote viwili. Cheusi kimeandikwa, lakini maandishi yametazama ukutani, sijui nisipelekwe kwa nani.

Naandika haya daftari likiwa chini ya faili. Mama Vibanio ananong'ona nikigeuze. Sijakigeuza. Na sasa Mkurugenzi anagonga kioo, anakionyesha kiti kilicho mbele ya Bwana Viatu, anataka nimweleze mimi mwenyewe —

"Una uhakika?" nimemwuliza kwa midomo tu.

Anaitikia kwa kichwa. Mara mbili.