Ndume wa Siku Utakaporudi

Ndabibi, Naivasha

Mwanangu Muiruri,

Simu yako inalia tu bila kushikwa, na sitakuuliza kwa nini. Nimempa Shiko wa jirani barua hii kwa sababu anakuja huko Doha kazini. Mimi niko mzima. Kiangazi kimemaliza nyasi yote, na majirani wameuza ng'ombe zao kabla hawajakonda.

Mimi sikuuza yule ndume tuliyesema tutamchinja siku utakaporudi. Namkatia mabua ya mahindi, nayamwagia molasi ya miwa iliyochanganywa na maji, na nimemwekea jiwe la chumvi alambe. Nimefanya hivyo kila kiangazi tangu uondoke. Juzi mchinjaji alikuja kumwangalia, akacheka: "Mathe, huyu amezeeka. Nyama yake itawavunja meno."

Nilimfukuza. Jioni nikigonga karai, huyo ndume anakuja mbio kutoka kule chini, anakula nimesimama naye mpaka giza liingie. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayeitika nikiita.

Kwa hivyo wewe uje tu. Nyama tutanunua buchari.

Ni mimi mama yako,
Wamaitha