Korido Isiyo Yangu

Jutland, tarehe 9 Machi

Kwako shoga yangu Birthe,

Salamu nyingi zikufikie huko Copenhagen, wewe na Poul na wajukuu. Natumaini mgongo wako umetulia tangu mazishi ya mama yako. Mimi mwili mzima. Yaliyobaki utayasoma huku mbele.

Umeniandikia kunishukuru kwa kumtunza, ukanitumia na kitabu chake cha nyimbo. Kimelala mezani siku tisa, nakipita kama mtu ninayemwogopa.

Unazikumbuka asubuhi za zamani pale kwenye nyumba ya wazee. Kabla ya dawa tulikuwa tunaimba, wazee na sisi, na mama yako akitukaripia tukiharibu sauti. Nilikuwa naenda kazini kama mtu aliyealikwa karamu. Kisha akaja meneja Carsten, aliyetoka ghala la vigae, akasema robo saa ya kuimba haimo kwenye ratiba. Kila mmoja akapewa korido yake na dakika zake. Mama yako alimwambia usoni kwamba yeye si kigae. Carsten akacheka, akaandika kitu.

Vuli ile mzee Aksel alianguka korido ya jirani, nikakimbia kumwinua. Kesho yake Carsten aliniita, akanipa barua ya onyo. Alisema, "Jytte, ile siyo korido yako. Ukibeba kazi za wenzako, mvivu mimi nitamjuaje?"

Nililia njia nzima juu ya baiskeli. Baadaye nikaacha kulia, na hapo ndipo nilipoharibika. Wenye pa kwenda wakaenda. Tuliobaki hatukusalimiana tena, kila mtu na lwake.

Uliniuliza kama dirisha lilifunguliwa ili roho ya mama yako itoke. Lilifunguliwa, nami ndiye niliyelifungua. Lakini nilikwambia pia kwamba alifia usingizini, na huo ni uongo.

Jumanne ile Mette, mwenye korido ya mama yako, alikuwa mgonjwa, na hakuletwa mtu wa kumshikia zamu. Saa nne asubuhi kengele ikalia. Nilikuwa nakunywa kahawa. Nilijua ni yeye, kwa sababu namba ya chumba huwaka ukutani. Nikasema moyoni, siyo korido yangu. Ikalia mara ya pili, nikajimiminia kikombe kingine. Ikalia ya tatu, kisha ikanyamaza, nami, Mungu anisamehe, nikaona afadhali.

Nilipokwenda nilimkuta sakafuni, ameegemea kitanda, ameshakata roho. Nilimlaza, nikamchana nywele, ndipo nikafungua dirisha. Daktari alisema moyo ulisimama na hakuna ambaye angeuzuia. Huenda. Lakini angekuwa na mkono wa kushika.

Nimejaribu kumtwika Carsten yote. Yeye ana yake, na nitayasema mbele ya halmashauri. Kikombe kile nilikishika mimi.

Tulipoliimbia jeneza likitoka mlangoni, uliniambia mimi ni binti yake wa pili. Niliimba, Birthe. Sijui sauti niliipata wapi.

Jana niliacha kazi. Kitabu nakurudishia pamoja na barua hii, si haki yangu kukaa nacho. Leo nilikifungua mara moja tu. Ndani ya jalada ameandika kwa penseli majina ya wote waliokuwa wakiimba naye, na la kwanza ni langu.

Nisalimie Poul na watoto. Ukinyamaza nitaelewa. Ukiandika, hata kwa kunitukana, nitashukuru kuuona mwandiko wako.

Ni mimi niliyekukosea,
Jytte