Ngoma za Kulowesha

Kasulu, Jumanne

Sikuzitoa zile ngoma, na sijui kama kesho nitakuwa na kibarua.

Kamati ya bajeti ya halmashauri inakuja asubuhi kukagua kituo chetu cha utamaduni. Leo mchana mratibu akaniambia nizitoe ngoma zote stoo, zilale uani. Nikatazama juu. Wingu limefunga upande wote wa Heru Juu.

"Mvua italowesha ngozi, bosi."

"Ndiyo bajeti hiyo, Mmakonde. Kitu kizima hakipewi fedha. Mwaka jana tuliomba ngoma mpya, wanakamati wakapiga moja ya hizi za zamani, ikalia, wakafuta ombi."

Huenda anasema kweli. Lakini kwa nini anitume mimi mfagia uwanja? Wapiga ngoma ni watu wa hapa, wana ndugu. Mimi kwetu Newala, sina wa kunisemea. Zikioza, wataulizana nani alizitoa nje, na jibu wanalo.

Nikamwomba aniandikie agizo kwenye karatasi.

Akacheka. "Kwani unajua kusoma?"

"Niliishia darasa la tano. Jina lako nitalisoma."

Kicheko kikakatika. Akawasha pikipiki bila kuaga.

Ada ya mtoto bado. Ningeweza kunyamaza tu nikazitoa...

Mvua ilipoanza nilifunga stoo, nikaupeleka ufunguo kwa Bosco, mkuu wa wapiga ngoma. Alitaka tuzungumze nje, barazani. Nikakataa. Nimemweleza yote ndani, mbele ya mkewe, ili waliosikia wawe wawili.