Tulivyomtazama Brambo Kutoka Satellite

Satellite, Riruta,
Nairobi.
13 Mei 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kitavi,

Hujambo huko Uingereza? Ule mgongo uliokusumbua tangu baridi ya Januari umepoa? Mimi ni mzima. Mama pia, ila sukari yake ilipanda wiki jana, na utajua kwa nini. Binti yako Kasiva anamwita kila mnyama mkubwa Brambo, hata ng'ombe wa jirani, ndivyo tunavyomwita farasi wenu, maana jina lake la Kiingereza limetushinda sote. Mvua haijakata na njia ya kuingia kwetu ni matope matupu.

Hongera kwa matokeo ya mashindano ya farasi. Barua hii nimeianza na kuiacha mara kadhaa. Kwa simu tungesema sote tuko salama tukakata, na mambo ya hapa si ya kukatwa hivyo.

Ulipotuambia kwamba bosi wako akimaliza na Brambo kati ya kumi bora wadhamini watabaki naye na wewe utaongezewa mkataba wa miaka mitatu, na wakishindwa zizi linafungwa unarudi nyumbani, ulidhani umetupa habari tu. Ulitupa homa. Mimi nilitaka mshinde, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka mazizi ya Jamhuri ukinuka jasho la farasi, umejaa furaha. Mama alitaka urudi, na hakuficha. Mke wako Ndeti akawa anafua nguo zilizo safi.

Alhamisi na Ijumaa, siku mbili za kwanza za mashindano, sikuelewa kitu. Farasi wanatembea kwa madaha, wanageuka, wanasimama, na watu wazima wameketi wakiwapa alama. Nilikuwa kazini, kliniki ya meno Parklands, simu nimeificha chini ya kaunta. Awiti, mwenzangu wa mapokezi, akaniuliza kama hizo ndizo mbio zenyewe. Nikamwambia bado. Siku hiyo nilimpa mgonjwa mmoja kadi ya mwingine.

Jumamosi, siku ya kuruka magogo na mitaro ya maji, tulibanana kwenye sofa mbele ya simu ya Ndeti. Mama alikuwa akisimama kila farasi akikaribia maji. Zamu ya Brambo picha ikakwama akiwa hewani, miguu ya mbele imekunjwa na bosi wako amemlalia shingoni. Ndeti akatoka na simu kutafuta mtandao, miguu mitupu, akaingia kwenye matope. Picha iliporudi Brambo alikuwa ameshavuka, na wewe ulikuwa pembeni umeshika ndoo na taulo. Mama alisema tu kwamba umekonda, akaenda jikoni.

Jumapili hatukwenda kanisani. Asubuhi madaktari wa wanyama waliwakagua farasi wote, na Brambo wakataka akimbizwe tena, kwa sababu walishuku mguu wa nyuma. Tulikuona nyuma ya kamba unauma kucha. Walipompitisha, Mama alishusha pumzi kama mtu aliyenyimwa kitu.

Kisha viunzi. Brambo aliangusha kimoja. Hakuangusha kingine. Jina lenu lilipotokea nafasi ya tisa nilipiga makofi peke yangu. Ndeti hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, analia.

"Kile kiunzi kilipoanguka niliomba na vingine vianguke, wifi," akaniambia. "Nilimwombea mume wangu ashindwe. Mke gani anafanya hivyo?"

Nilimwambia ni mke aliyemkosa mume wake. Akaniomba nikuandikie haya, kwa sababu yeye hawezi kuyasema wewe ukiwa unacheka kwenye simu. Na kweli ulipopiga jioni ulikuwa unacheka, na sote tukakupa hongera, yeye wa kwanza.

Jana aliamka mapema, akamvisha Kasiva sweta, akanitaka niwasindikize mjini. Nilidhani tunakwenda Biashara Street kutafuta kitambaa. Tulikwenda Nyayo House, foleni ya pasipoti. Alikuwa ameshaomba kwa mtandao, yake na ya mtoto, kabla Brambo hajaruka hata gogo moja, na hakumwambia mtu. Nikamuuliza, je, kama farasi angeshindwa?

"Ningemngojea hapa," akasema. "Lakini ameshinda, kwa hivyo sisi ndio tutakwenda. Mwambie atafute nyumba. Chumba cha juu ya zizi hatukai."

Tangu jana Mama hatulii. Anafungua mlango, anaufunga, anauliza atabaki na nani. Nimemwambia atabaki na mimi. Akaufungua mlango tena.

Kwa hivyo, ndugu yangu, usinijibu mimi kwanza. Mpigie Ndeti asubuhi kabla hujaingia zizini. Usicheke. Msikilize mpaka amalize, hata akinyamaza katikati. Kama hujui la kusema, mwambie hujui.

Wasalimie wenzako wa kazini. Mjomba Mwanzia anakusalimu sana, na Awiti pia, ingawa hamjaonana. Mungu akae kati yako na kwato za hao wanyama, na akupe nyumba yenye joto.

Mama amesema nikuandikie kwamba yeye hana neno. Ana neno, Kitavi. Mpigie naye.

Mimi dada yako nikupendaye,
Munyiva.