Doa Lenye Macho

Shosti uko? Nimeua. Au sijaua, sijui. Usinicheke kwanza.

Si unajua mama mkwe kasafiri, kaniachia lile tangi lake la samaki. Nikajipendekeza, nikaamua kumsugulia kioo. Kwa ndani kulikuwa na doa la kahawia, bapa, limeganda. Nasugua, halitoki. Nasugua tena, doa likasogea.

Doa lina macho, shosti. Macho.

Nikajua ni ruba, anawanyonya samaki wa mama. Nikamkwangua kwa kijiko, nikamtia kwenye glasi ya maji, nikammwagia chumvi. Si ndiyo dawa ya ruba? Nikampiga picha, nikamtumia wifi yangu, nangoja kusifiwa.

Wifi kapiga hapo hapo. "Ruba ana mapezi?"

Nikainua glasi, nikamtazama kwa chini. Ana mapezi, kayatandaza kama sahani. Mdomo uko chini ya kichwa.

"Huyo ni samaki wa vijito vya milimani," wifi akasema. "Kazi yake kunata na kulamba utelezi wa kijani. Ndiye ambaye mama anamwita 'mwanangu'."

Chumvi, shosti. Nimemmwagia chumvi.

Nimemsuuza, nimemrudisha. Kanata kwenye kioo, kimya. Wifi anasema akiwa mzima hunata, akifa huachia. Basi nimekaa hapa namkodolea macho, hata kupepesa naogopa.

Mama mkwe huyu hapa anapiga simu ya video. Anataka kumwona mwanawe.

Na pezi moja limeanza kuachia.